Mifuko Miwili

Kijana wa dukani, pale Ivalo, alinionyesha mmoja tu:
mnene kama dubu aliyeshiba,
umeshindiliwa manyoya ya bata bukini.
"Huu peke yake, mama. Nyuzi arobaini chini ya sifuri
na unalala fofofo."
Nikageuza kibandiko cha bei.
Nikakiachia taratibu,
kama mtu aliyeokota kaa akidhani limezimika.

Wifi yangu Aune hakucheka.
Misimu ishirini na saba amelala nje
akipima unene wa barafu ya ziwa kwa ajili ya serikali,
na serikali haijamnunulia hata soksi.
Akanivuta kando, penye viberiti na sufuria za bati.
"Unao mfuko wa manyoya?"
Ninao. Mwembamba, wa vuli.
"Na ule wa Taisto?"

Ule wa Taisto uko darini.
Wa nyuzi za kiwandani, rangi ya majani makavu,
tundu la cheche ubavuni, limezibwa kwa utepe.
Miaka mitatu sijaufungua.

"Basi huna cha kununua. Mwembamba ndani, wake nje.
Usikosee mpangilio."
Akachukua risiti ya kahawa, akachora:
mwili, manyoya, nyuzi, halafu baridi, pembezoni kote.
"Mtu hutoa mvuke usiku kucha, hata aliyelala kama gogo.
Huwezi kuuzuia. Utatoka,
na pale utakapokutana na baridi, utaganda.
Usijiulize kama utaganda. Jiulize ugandie wapi.
Ukigandia kwenye manyoya, yanashikana kama uji,
usiku wa tatu unalalia matambara.
Ugandie kwenye nyuzi.
Nyuzi hazijali."

Nilijaribu kwanza nyuma ya sauna,
hatua arobaini kutoka kitandani kwangu.
Chini mkeka wa povu, juu yake ngozi ya kulungu
aliyoniazima Uula, jirani,
maana ardhi ni mwizi kuliko hewa.
Chupa ya maji moto miguuni. Kofia ya sufu.
Mfuko wangu nikauingiza ndani ya wake
nikihofia utabana;
manyoya yaliyobanwa hayana joto.
Haukubana. Taisto alikuwa mpana.

Ila zipu: yangu kushoto, yake kulia.
Saa tisa usiku kibofu kikaniamsha,
nikapapasa gizani
kama mwizi aliyesahau alikoingilia,
nikimtukana bata, nikikitukana kiwanda,
na marehemu naye, Mungu anisamehe,
aliyependa siku zote kulala upande ule.
Kipimajoto mlangoni mwa sauna: thelathini na moja, chini.
Sikungoja kuhesabu nyota.

Asubuhi manyoya yalikuwa makavu, yamefura,
yakipumua yalipobonyezwa.
Nikapitisha mkono kati ya mfuko na mfuko.
Sakitu.
Imesimama kwenye kitambaa cha Taisto,
inakwaruza,
kama kidevu cha siku mbili bila wembe.

Niliuacha mkono pale hadi vidole vikafa ganzi.

Aune alikuja na chupa ya chai. Hakuuliza kama nililala.
"Iko wapi?"
Nikamwonyesha.
"Vizuri. Ugeuze, uukung'ute ungali na baridi.
Usiusogeze jikoni; itayeyuka, irudi ndani, ikutafute."

Nikautundika kwenye kamba ya nguo, tumbo nje,
nikaupiga kwa glavu.
Unga mweupe ukaruka, mwingi kuliko nilivyodhani
mtu mmoja anaweza kuutoa kwa usiku mmoja,
ukaelea kidogo kwenye mwanga ule mfupi wa Februari,
ukatua juu ya theluji,
na sikuweza tena kuujua ni upi.

Tunaondoka Jumanne, usiku tano, ng'ambo ya ziwa.
Aune anasema yuko fundi kule Inari,
atahamisha zipu kwa bei ya mkate na samaki.
Nimekataa.
Nitajifunza kutokea upande wake.